Nani Anastahili? Masharti ya Kujiunga na Vyuo vya Ng'ambo na Safari za Wanafunzi wa Kenya Kwenda Marekani, 1959–1963

1.0 Utangulizi

Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliyokodiwa iliondoka Nairobi kuelekea New York ikiwa na wanafunzi 81. Wengi wao hawakuwa na sifa kamili za kusomea shahada kwa vipimo vya mfumo wa elimu uliotumika Kenya wakati huo. Majuma machache baadaye walikuwa wameketi madarasani, wamesajiliwa kihalali katika vyuo vilivyowadahili kwa barua zilizotiwa saini na maafisa wa vyuo hivyo. Cheti walichokionyesha huko ni kilekile walichokuwa nacho nyumbani. Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya: iliwezekanaje mtu mmoja, mwenye cheti kimoja, asistahili upande mmoja wa bahari na astahili upande wa pili?

Historia ya safari hizi imezoeleka kusimuliwa kama sura ya siasa. Husimuliwa umahiri wa Tom Mboya, msaada wa familia ya Kennedy, na ushindani wa mataifa makubwa wakati wa Vita Baridi. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini imeacha nyuma jambo lililoamua hatima ya kila mwanafunzi mmoja mmoja, yaani masharti. Kabla ya mwanasiasa kumsaidia kijana kupata kiti katika ndege, kijana huyo alipaswa kwanza kuvuka vizingiti kadhaa, na kila kizingiti kilikuwa na mlinzi wake.

Makala haya yanagawa masharti hayo katika mafungu manne. La kwanza ni sharti la elimu, yaani cheti na alama zilizotakiwa ili kudahiliwa. La pili ni sharti la fedha. La tatu ni sharti la uhamiaji, lililohusu pasipoti na viza. La nne ni sharti la kutambuliwa, yaani iwapo shahada iliyopatikana ng'ambo ingekubaliwa mwenye nayo atakaporejea. Hoja inayojengwa ni kwamba masharti haya hayakuwa mizani isiyoegemea upande. Yalipima maarifa, ndiyo, lakini yalipima pia idadi ya viti ambavyo mtawala alikuwa radhi kuvitoa. Hata hivyo, itaonyeshwa vilevile kwamba haikuwa sahihi kuyapuuza yote, kwa kuwa baadhi yake yalimlinda mwanafunzi dhidi ya kukwama ugenini.

2.0 Ngazi ya elimu na hesabu ya miaka

Ili kuelewa mgogoro uliozuka mwaka 1959 na 1960, ni lazima kuanza na ngazi ya elimu ya Mwafrika nchini Kenya. Kufuatia mapendekezo ya Kamati ya Beecher ya mwaka 1949, elimu ya Waafrika ilipangwa katika vipindi vitatu vya miaka minne minne: shule ya msingi, shule ya kati na shule ya sekondari. Mwisho wa kila kipindi palikuwa na mtihani. Baada ya miaka minne ya kwanza mwanafunzi alifanya mtihani wa kuingia shule ya kati. Baada ya miaka minane alifanya Mtihani wa Awali wa Waafrika wa Kenya, uliojulikana kwa kifupi kama KAPE. Baada ya miaka 12 alifanya mtihani wa Cheti cha Shule uliotungwa na Cambridge. Katika kila mtihani wengi waliachwa, si kwa sababu walishindwa kujifunza, bali kwa sababu nafasi za ngazi iliyofuata zilikuwa chache kuliko waliofaulu.

Aliyefika kileleni na kupata Cheti cha Shule alikuwa tayari amechujwa mara tatu. Matokeo yake yalipangwa katika madaraja, na ufaulu wa lugha ya Kiingereza ulikuwa sharti la kupewa cheti chenyewe. Mwanafunzi aliyefanya vizuri katika hesabu na sayansi lakini akateleza katika Kiingereza aliondoka mikono mitupu.

Juu ya ngazi hiyo kulikuwa na Makerere. Chuo hicho kilianza Kampala mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, kikapanuka hatua kwa hatua, na mwaka 1949 kikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Uhusiano huo ulifuata mapendekezo ya Tume ya Asquith, iliyotaka vyuo vya makoloni vitoe shahada za London ili viwango vyake visitiliwe shaka. Faida ya mpango huo ni kwamba shahada ya Makerere iliheshimiwa popote ilipokwenda. Gharama yake ni kwamba lango la Makerere lilichongwa kwa kipimo cha London. Nchini Uingereza, kijana hakuanza shahada mara tu baada ya Cheti cha Shule. Alisoma kwanza masomo ya juu ya sekondari kwa miaka miwili, ndipo akaingia chuo kikuu kwa shahada ya miaka mitatu. Shule za Waafrika wa Kenya, katika sehemu kubwa ya miaka ya 1950, hazikuwa na madarasa hayo ya juu. Kwa hiyo Makerere yenyewe ililazimika kuwafundisha waliodahiliwa kozi ya matayarisho kabla ya kuanza shahada. Viti vilikuwa vichache, navyo viligawanywa miongoni mwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Marekani ilikuwa na hesabu nyingine. Kijana wa huko alimaliza shule ya sekondari baada ya miaka 12, akaingia chuo moja kwa moja, akasoma shahada ya kwanza kwa miaka minne. Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa ya masomo mapana, ambayo kwa sehemu yalifanya kazi ileile iliyofanywa Uingereza na madarasa ya juu ya sekondari. Mkenya aliyemaliza vipindi vitatu vya miaka minne minne alikuwa amesoma miaka 12 barabara. Machoni pa msajili wa chuo cha Ohio au Kansas, huyo alikuwa mwombaji wa kawaida aliyemaliza sekondari. Machoni pa afisa wa elimu wa Nairobi, alikuwa amepungukiwa miaka miwili.

Jambo hili ni la msingi. Sehemu kubwa ya yale yaliyoitwa mabishano ya viwango ilikuwa, kwa hakika, tofauti ya mahali pa kukata miaka: mfumo mmoja ulikata baada ya 12, mwingine baada ya 14. Lakini katika maandishi na matamshi ya wakati huo, tofauti hiyo ya hesabu iligeuzwa kuwa hukumu juu ya akili ya mwanafunzi na juu ya thamani ya chuo kilichompokea.

3.0 Waliotangulia

Wanafunzi wa mwaka 1959 hawakuwa wa kwanza. Mbiyu Koinange aliondoka Kenya mwaka 1927 kwenda Hampton, Virginia, akaendelea Ohio Wesleyan na kisha Chuo Kikuu cha Columbia. Aliporejea mwaka 1938, alikuwa na shahada ambayo Mwafrika mwenzake nchini hakuwa nayo. Mwaka uliofuata alianza kuongoza Chuo cha Ualimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi na kutegemewa na shule huru za Wagikuyu. Chuo hicho kilifungwa serikali ilipotangaza hali ya hatari mwaka 1952.

Katika Afrika Magharibi, Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah walipitia vyuo vya Wamarekani Weusi, na Hastings Banda wa Nyasaland alisomea udaktari katika Chuo cha Meharry, Tennessee. Mifano hii ilijulikana sana Afrika Mashariki. Iliwafundisha wasomaji wa magazeti mambo mawili: kwamba mtu angeweza kupata elimu ya juu bila kupitia mlango wa serikali ya kikoloni, na kwamba waliofanya hivyo walirudi wakiwa na sauti ambayo serikali haikuipenda.

Njia rasmi nayo ilikuwepo. Julius Nyerere alisoma stashahada ya ualimu Makerere, akafundisha Tabora, kisha akapata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, alikohitimu mwaka 1952. Hiyo ndiyo njia ambayo serikali za kikoloni ziliiona kuwa ya haki: mwanafunzi mmoja mmoja, aliyekwisha kupimwa nyumbani, anayepelekwa na serikali katika chuo cha Uingereza. Haikuwa njia mbaya. Ilitoa watu mahiri. Kasoro yake ilikuwa wembamba wake.

Zaidi ya hayo, hata Uingereza masharti yaliweza kulegezwa pale chuo kilipotaka. Jomo Kenyatta hakuwa amesoma sekondari ya kawaida, lakini katika miaka ya 1930 alipokewa katika Shule ya Uchumi ya London, akasomea anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski, na kazi yake ikachapishwa kama kitabu mwaka 1938. Kesi yake inaonyesha kwamba cheti si kipimo pekee ambacho chuo kinaweza kukitumia. Kinapomtambua mwanafunzi kwa kazi yake, kinaweza kumfungulia mlango.

Mtu aliyeunganisha kizazi hiki na kile cha 1959 ni Julius Gikonyo Kiano. Alisoma Antioch, Ohio, kisha Stanford, na mwaka 1956 akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kiano aliujua mfumo wa Marekani kutoka ndani: namna ya kuandika barua ya maombi, namna ya kueleza Cheti cha Cambridge kwa msajili asiyekijua, na namna ya kuishi kwa kazi za mikono wakati wa likizo. Maarifa hayo yalikuwa na thamani sawa na fedha.

4.0 Masharti ya Marekani

Yeyote aliyetaka kusoma Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 alipaswa kukidhi masharti ya pande mbili: ya chuo na ya serikali.

Chuo kilitaka nakala ya matokeo, barua za walimu na uthibitisho wa ufahamu wa Kiingereza. Vyuo vya Marekani havikuwa chini ya mamlaka moja ya udahili. Kila chuo kilijiamulia. Kwa sababu hiyo kijana aliyekataliwa na kimoja aliweza kuandikia kingine, na kingine, hadi apate jibu. Vyuo vidogo vya madhehebu na vyuo vya Wamarekani Weusi vilikuwa vyepesi kupokea maombi kutoka Afrika, baadhi kwa msukumo wa dini, baadhi kwa hisia za udugu.

Serikali nayo ilikuwa na sheria yake. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952 ilimtambua mwanafunzi mgeni kuwa ni mtu mwenye makazi katika nchi yake asiyokusudia kuyaacha, mwanafunzi wa kweli mwenye sifa za kufuata masomo kamili, anayeingia Marekani kwa muda na kwa ajili ya masomo hayo tu. Kila kipengele cha maelezo hayo kilikuwa sharti. Kusema kwamba ana makazi ni kusema kwamba lazima athibitishe nia ya kurudi. Kusema masomo kamili ni kusema kwamba hawezi kujiandikisha kwa somo moja na kutumia siku zilizobaki kufanya kazi. Kusema kwa ajili ya masomo tu ni kusema kwamba ajira ilihitaji kibali. Na kwa kuwa ajira ilibanwa, afisa wa viza alitaka kuona mapema fedha za kumtunza mwanafunzi zingetoka wapi.

Kabla ya viza kulikuwa na pasipoti, na pasipoti ilitolewa na serikali ya kikoloni. Nchi ilikuwa bado katika hali ya hatari, iliyodumu rasmi hadi mwanzoni mwa mwaka 1960, na mienendo ya Wagikuyu, Waembu na Wameru ilikuwa imebanwa kwa vibali. Kwa hiyo kijana mwenye barua ya udahili mkononi alikuwa bado hajavuka. Barua ilisema chuo kinamtaka, lakini aliyekuwa na uwezo wa kumruhusu kutoka ni yuleyule aliyesema kwamba hana sifa.

5.0 Nauli na kamati

Mboya alizuru Marekani mwezi wa Aprili na Mei 1959. Yeye mwenyewe hakuwa na shahada. Alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi aliyepata mwaka mmoja wa masomo katika Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955 na 1956. Katika mihadhara yake vyuoni aliomba nafasi za masomo, na vyuo vingi vikaahidi kusamehe ada, vingine vikaongeza malazi. Tatizo lililobaki lilikuwa nauli. Nauli ya ndege kutoka Nairobi hadi New York ilizidi kwa mbali uwezo wa familia ya mkulima au karani. Ufadhili wa ada, pasipo nauli, ulikuwa sawa na kupewa nyumba ng'ambo ya mto usio na daraja.

Jawabu lilikuwa kukodi ndege nzima. Taasisi ya Wanafunzi Waafrika na Wamarekani, iliyoanzishwa na mfanyabiashara William Scheinman kwa ushirikiano na Mboya, ilichangisha fedha. Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier walitia saini barua ya kuomba michango kutoka kwa wananchi wa Marekani. Nyumbani Kenya, fedha za matumizi zilikusanywa vijijini. Ukoo uliuza ng'ombe, kanisa lilipitisha kikapu, na majirani waliandaa karamu za chai zilizohudhuriwa na waliotaka kutoa chochote. Michango hiyo ilitimiza sharti la fedha la afisa wa viza. Papo hapo ilimfunga mwanafunzi kwa deni ambalo halikuandikwa popote: alikwenda kwa niaba ya waliomchangia, na kushindwa kwake kungekuwa kushindwa kwao.

Uteuzi ulifanywa na Mboya, Kiano na Kariuki Njiiri, ambaye naye alikuwa amesoma Marekani. Hapa yapaswa kutajwa jambo ambalo wasifu wa Mboya hulipita haraka. Kamati hiyo ilikuwa imechukua kazi ya serikali bila kuwa serikali. Iliamua nani apande ndege na nani abaki. Wakosoaji wake walilalamika kwamba ukaribu na viongozi ulisaidia kuliko alama. Lalamiko hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa kamati ya watu watatu, hata ikiwa na nia njema, haina rufaa. Lakini ni vigumu kuipima kamati hiyo bila kuilinganisha na ilichokibadili. Mfumo rasmi nao haukuwa na rufaa, na mlango wake ulikuwa mwembamba zaidi.

6.0 Mabishano ya viwango, 1960

Safari ya pili ilipopangwa mwaka 1960, maombi yalikuwa mengi zaidi na yalitoka pia nje ya Kenya, zikiwemo Tanganyika, Uganda na Rhodesia. Waandalizi waliiomba Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani isaidie nauli, ikakataa. Maafisa wa Uingereza walikuwa wameijulisha kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na sifa, kwamba baadhi ya vyuo vilivyowapokea vilikuwa dhaifu, na kwamba Makerere na Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi ndivyo vilivyopaswa kuwa lango lao la kwanza.

Hoja hizi zastahili kujibiwa kwa uzito, si kwa hasira. Ya kwanza, ya sifa, ilikuwa kweli kwa kipimo cha London na uongo kwa kipimo cha Marekani, kama ilivyoonyeshwa katika sehemu ya 2.0. Ya pili ilikuwa na ukweli ndani yake. Vyuo vya Marekani vilitofautiana mno kwa ubora, na kijana wa kijijini hakuwa na njia ya kutofautisha chuo imara na chuo duni kwa kutazama bahasha. Ya tatu ilijifunga yenyewe. Haikuwezekana kumwambia mwanafunzi ajaze nafasi za nyumbani na papo hapo kumtaka alete cheti cha masomo ya juu ambacho shule yake haikufundisha.

Mwezi wa Julai 1960 Mboya alikutana na Seneta John F. Kennedy huko Hyannis Port, Massachusetts. Kennedy alikuwa mgombea urais na mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti kuhusu Afrika. Wakfu wa familia yake uliahidi dola 100,000. Habari zilipofika upande wa mpinzani wake, Makamu wa Rais Richard Nixon, Wizara ya Mambo ya Nje ikabadili msimamo na kutoa ahadi ya kiasi hichohicho. Waandalizi walibaki na ahadi ya wakfu.

Kwa mtafiti wa masharti ya elimu, tukio hili lina funzo moja kubwa. Kati ya kukataa kwa Wizara na kukubali kwake, hakuna mwanafunzi aliyerudia mtihani. Hakuna alama iliyopanda, wala cheti kilichobadilika. Kilichobadilika ni faida ya kisiasa ya kuwaona wanafunzi hao kuwa wanastahili.

7.0 Waliopita kwa mlango mwembamba

Masharti hayakuwabana wote kwa usawa. Wasichana walibanwa zaidi. Shule ya Upili ya Alliance ya wavulana ilifunguliwa mwaka 1926, lakini shule dada ya wasichana wa Kiafrika ilianza mwaka 1948. Makerere yenyewe ilianza kupokea wanawake mwaka 1945. Kwa hiyo, kufikia mwaka 1960, wasichana waliokuwa na Cheti cha Shule walikuwa wachache mno. Hakukuwa na haja ya kanuni ya kuwazuia, kwa sababu ngazi za chini zilikuwa zimekwisha kufanya kazi hiyo. Miongoni mwa waliopenya ni Wangari Maathai, aliyemaliza Loreto Limuru mwaka 1959 na kwenda Kansas mwaka 1960. Alihitimu shahada ya kwanza ya biolojia mwaka 1964, akapata ya pili Pittsburgh mwaka 1966, na ya uzamivu Nairobi mwaka 1971. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kundi jingine ni la wale ambao hawakuwa hata na Cheti cha Shule kwa njia ya kawaida. Barack Obama Mkubwa aliondoka shule ya Maseno bila kumaliza. Alijiandaa kwa masomo ya posta huku akifanya kazi Nairobi, akisaidiwa na walimu wawili Wamarekani, akaandikia vyuo vingi hadi Chuo Kikuu cha Hawaii kikampokea mwaka 1959. Hakusafiri kwa ndege ile ya wanafunzi 81. Kesi yake yaonyesha faida ya mfumo usio na mlango mmoja: aliyepoteza nafasi akiwa kijana aliweza kuirudia. Yaonyesha pia kwamba nafasi hiyo ilitegemea kukutana na mtu anayejua njia, bahati ambayo wengi hawakuipata.

Palikuwa pia na njia ya mashariki. Oginga Odinga aliwapeleka wanafunzi Umoja wa Kisovieti na nchi za Ulaya Mashariki, wengine kwa kupitia Cairo. Mwaka 1960 Moscow ilifungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Kwa wengi wa wanafunzi hawa pasipoti ya kikoloni haikupatikana kwa safari hiyo, na ndiyo maana walizunguka. Sharti ambalo halikukidhiwa kwa njia ya wazi lilitafutiwa njia ya kificho, na mwanafunzi akajikuta yu mhamiaji asiye na hati kabla hajawa msomi.

8.0 Masharti baada ya kufika

Kuingia chuoni hakukuwa mwisho wa masharti. Mwanafunzi alipaswa kudumisha wastani wa alama uliowekwa na chuo. Akishuka, aliwekwa chini ya uangalizi. Asipoinuka, alipoteza ufadhili, na akipoteza ufadhili alipoteza msingi wa viza yake. Alipaswa kubeba mzigo kamili wa masomo. Hakuweza kupunguza masomo ili afanye kazi, wala kuongeza kazi bila kibali. Lakini misamaha mingi ya ada haikugusa vitabu, mavazi ya baridi, wala chakula cha likizo pale mabweni yalipofungwa.

Masharti haya matatu yalikamatana kama pingili za mnyororo: fedha zikipungua mwanafunzi hutafuta kazi, kazi ikizidi alama hushuka, alama zikishuka ruhusa ya kukaa hutetereka. Katika majimbo ya kusini yaliongezeka mashaka ya ubaguzi wa rangi, ambao haukuandikwa katika barua yoyote ya udahili. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba anastahili darasani aliambiwa hastahili katika mkahawa wa mtaa wa pili.

Hapa ndipo ile hoja ya pili ya maafisa wa Uingereza inaporudi. Kumpeleka kijana ng'ambo kwa nusu ya fedha na jina la chuo asichokijua kulikuwa kumtia hatarini. Taasisi iliyowapeleka ililifahamu hilo na ilitumia sehemu ya fedha zake kuwasaidia waliokwama. Lakini usalama wa mwanafunzi ungeweza kulindwa kwa kuongeza msaada kama vile ulivyoweza kulindwa kwa kufunga mlango. Serikali ilichagua njia ya pili kwa sababu ilikuwa rahisi.

9.0 Kutambuliwa na urithi wake

Kati ya mwaka 1959 na 1963 safari hizi zilipeleka Marekani wanafunzi wapatao 800. Walianza kurejea wakati Kenya inapata uhuru mwezi wa Desemba 1963, na ofisi zilizoachwa na Waingereza zilihitaji watu. Uhaba huo ulifanya kazi ambayo mabishano hayakuifanya. Shahada ya Marekani, iliyokuwa imedharauliwa, ilipata nafasi katika wizara, madarasa na maabara. Hata hivyo mashaka hayakufutika mara moja. Katika utumishi wa umma na vyuoni, waliolelewa katika mfumo wa Uingereza waliendelea kuipima shahada kwa nchi ilikotoka, na waliosoma Ulaya Mashariki waliangaliwa kwa jicho kali zaidi baada ya Odinga kuachana na serikali mwaka 1966.

Wakati huohuo Afrika Mashariki ilijijengea malango yake. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, kikianza na sheria. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichovunjwa mwaka 1970 kila nchi ilipochukua chuo chake. Kenya huru ilichagua hesabu ya Uingereza: miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya masomo ya juu na mitatu ya chuo kikuu. Kwa miaka 20 aliyemaliza kidato cha nne alihesabiwa kuwa bado hajafika mlango wa chuo kikuu, kama ilivyokuwa mwaka 1959.

Kisha, mwaka 1985, Kenya ilianzisha mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Madarasa ya juu ya sekondari yakaondolewa. Mwanafunzi wa Kenya akaanza kuingia chuo kikuu cha nchi yake baada ya miaka 12 ya masomo, kusomea shahada ya miaka minne. Hiyo ni hesabu ileile ya Ohio na Kansas, ambayo robo karne kabla yake ilitajwa kuwa ushahidi wa upungufu wa kijana wa Kiafrika.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sifa ya kusoma ng'ambo, katika historia ya Kenya ya miaka ya 1959 hadi 1963, haikuwa kitu kilichokaa ndani ya mwanafunzi peke yake. Ilizaliwa pale cheti chake kilipokutana na mtu mwenye mamlaka ya kukisoma. Cheti cha Cambridge kiliposomwa Nairobi kilisema mwenye nacho hajatosha, kiliposomwa Atchison au Honolulu kilisema aanze. Ombi la nauli liliposomwa Washington kabla ya uchaguzi kunoga lilikuwa mzigo, na liliposomwa baada ya hapo likawa fursa.

Haifuati kwamba masharti hayana maana. Msajili asiyeuliza chochote humpeleka mwanafunzi katika kushindwa, na walioumia kwa fedha pungufu na vyuo dhaifu ni sehemu ya historia hii sawasawa na waliofanikiwa. Linalofuata ni kwamba kila sharti lapaswa kuulizwa maswali mawili: linapima nini, na limewekwa na nani kwa manufaa ya nani. Sharti linalopima uwezo wa mwanafunzi kumudu masomo ni la haki. Sharti linalopima uchache wa viti, kisha likamwambia mwanafunzi kwamba upungufu ni wake, si la haki, hata likiandikwa kwa lugha ya viwango.

Leo kazi ya kutambua shahada za nje na kuweka viwango vya udahili iko mikononi mwa vyombo vya nchi zenyewe, kama Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya na Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania. Kijana anayefika katika ofisi hizo na karatasi kutoka ng'ambo anasimama pale waliposimama wale 81, ila aliyeko upande wa pili wa meza sasa ni ndugu yake. Vyombo hivyo vimerithi madaraka ya kusema nani anastahili. Historia iliyoelezwa hapa yavitaka virithi pia wajibu wa kueleza kwa nini.